Kibanda cha Tikiti cha Manowari Yetu

Picha ilikuwa moja, na ilionyesha upande mmoja tu. Naanza hapo kwa sababu mengine yote yalitoka kwenye ile picha. Ilikuwa ya kalendari waliyoituma kutoka Ulaya watu walioiuzia mashine kampuni yetu ya madini, na ilitundikwa katika ofisi ya atelye, karakana ambamo mume wangu alikuwa akikunja na kuunganisha mabamba ya chuma. Mwezi mmoja wa kalendari hiyo ulikuwa na manowari ya karne ya kumi na tisa, mbao ndani na chuma nje, kama mtu aliyevaa makoti mawili. Karani aliwasomea maneno ya chini yake: meli hii haipigani tena, imefungwa kando ya maji, imekuwa makumbusho, watu wanalipa wanaingia kuitazama.

Mimi sijaona bahari. Maji makubwa niliyoyaona ni yale yaliyozuiwa kule Koni ili yatupe umeme. Mume wangu vilevile. Na mwenzake vilevile, ndiyo maana sitaki mtu awacheke haraka kwa kosa walilolifanya.

Huyo mwenzake nimweleze. Walifanya kazi wawili wawili, kwa sababu rive haipigwi na mtu mmoja. Rive ni ule msumari mnene unaotiwa motoni hadi uwe mwekundu, unapitishwa kwenye tundu la mabamba mawili, halafu mmoja yuko ndani amekaza chuma kizito kwenye kichwa chake, na mwingine yuko nje anapiga mkia wake hadi uwe kichwa cha pili. Hawaonani. Wa nje anagonga mara moja kuuliza kama mwenzake yuko tayari, wa ndani anajibu kwa kugonga mara mbili. Mume wangu alikuwa wa nje. Mwenzake alikuwa wa ndani. Wakati ule kazi nyingi zilikuwa zimekwisha kuwa za kuchomelea, lakini wao walikuwa wa zamani, na kwa rive walikuwa wakiitwa wao.

Mwenzake alizaliwa hapa hapa Likasi. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai kwa kazi ya reli, yeye Kasai hakuijua. Mke wake alizaa mapacha, na kwetu mwanamke wa namna hiyo haitwi tena kwa jina lake la zamani, anaitwa Mama Mapasa kwa heshima. Alinifundisha kupika sombe, majani ya muhogo, bila kuiacha na uchungu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, hata kama ni jambo dogo.

Zamani, kampuni ilipokuwa bado kampuni, siku ya Mei mosi kila atelye ilipita mbele ya wakubwa na kitu ilichokitengeneza, kimewekwa juu ya gari. Mkuu wa atelye akasema mwaka ule watatengeneza manowari. Wakaichukua picha, wakaipima kwa rula, wakaanza. Mbao hawakutia, walitia chuma tupu. Upande usioonekana kwenye picha wakaukisia. Ilikuwa ndefu kama nyumba yetu ya kambi ya wafanyakazi na jiko lake, na dohani yake walitia makaa chini ikatoa moshi kweli. Siku ya kupita, watoto walikimbia kando ya gari toka mwanzo wa barabara hadi mwisho.

Kosa lilikuwa hili. Katika picha, ubavuni mwa meli, palikuwa na ngazi yenye vishikio, na juu ya ngazi palikuwa na kibanda kidogo chenye dirisha. Wao waliona ni viungo vya manowari. Wakavitengeneza vyote viwili, wakavikaza kwa rive kwenye ubavu, kibanda kikiwa na sakafu yake, paa la bamba na dirisha la kufungua kwa juu. Muhandisi mmoja mzungu aliyekuwa amesimama na wakubwa alipokiona alicheka hadi akashika mbavu. Akawaeleza, bila ubaya nadhani, kwamba kile ni kibanda cha kuuzia tikiti za makumbusho. Meli ilipokuwa ikipigana baharini haikuwa nacho.

Mume wangu alirudi nyumbani amenuna. Alisema watakitoa: "Tutatosha ile kibanda kesho."

Mwenzake alikuwa amekuja naye, akaketi, akala bukari yangu, ugali wa kwetu, akasema, "Tosha weye. Minye nilikaa ndani nikashikilia rive yake moja moja. Ile meli ya kwao iko na bahari, ya kwetu iko na mulango. Juu ya nini unasikia haya?"

Hawakukitoa. Manowari ikawekwa katika bustani ya serkle, mahali wafanyakazi walipokuwa wakinywa bia na kutazama mpira, na mlinzi mzee akapewa kiti ndani ya kile kibanda. Siku za sikukuu aliuza tikiti kweli, kwa watoto, na wakipanda ngazi waliingia kutazama. Ndani hamkuwa na kitu ila mwangwi. Mvua za kwanza ziliijaza maji, maana juu ilikuwa wazi na rive zilikuwa zimekaza hata tone halikutoka, ikabidi waitoboe chini. Mwenzake alifurahi sana siku hiyo. Alikwenda kwa kila mtu akisema, "Mumeona? Haivuji." Mume wangu alisema hakuna meli nyingine duniani inayotobolewa ili maji yatoke. Kila mwaka walibishana juu ya kibanda, mmoja akitaka kitoke, mwingine akikataa, na ilikuwa ni mchezo wao. Sasa nikikumbuka najiuliza kama kwa mume wangu ulikuwa mchezo kabisa.

Kisha ikaja miaka mibaya. Mishahara ilichelewa, halafu ikawa hadithi. Watu walivunja maduka, wakavunja maghala, na sitasema ni watu fulani, maana kwenye kambi yetu kila nyumba ilikuwa na kitu ambacho jana yake haikuwa nacho. Serkle iliondolewa viti, milango, hata nyaya za ukutani. Manowari haikuguswa. Sijui sababu. Labda kwa kuwa ilikuwa nzito. Labda kwa kuwa mlinzi, ambaye hakuna aliyekuwa akimlipa, aliendelea kuketi kwenye dirisha lake. Watu waliokuwa wakitengeneza mbabula, majiko ya makaa, na sufuria kwa kuuza sokoni walipita wakiitazama, wakaenda kutafuta chuma mahali pengine.

Na baada ya hapo ndipo ilipokuja habari ya kufukuzana. Ilisemwa kwamba watu wa asili ya Kasai warudi kwao, kwamba kazi na nyumba ni za wenyeji. Nataka niwe wa haki. Wengine waliosema hivyo walikuwa na malalamiko ya kweli, walikuwa wamenyimwa kazi na wakubwa waliopeana kazi wao kwa wao. Lakini mwenzake wa mume wangu hakuwahi kuwa mkubwa wa mtu yeyote. Vijana walikuja kwake mchana, wakatoa vitanda nje, na jioni mtu mwingine alikuwa amekwisha kuingia.

Wakaenda stesheni, kama wengine. Huko walikuwa wengi kuliko macho yangu yalivyoweza kukusanya, wanangoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Walilala kwenye majukwaa, chini ya mabehewa mabovu, kwenye matope kati ya reli. Mvua zilikuwa zimeanza. Mama Mapasa alikuwa na mapacha wake waliokwisha kuwa wakubwa kidogo, na mtoto mchanga wa kike aliyekuwa bado hajajua kuketi. Walikuwa na kipande cha plastiki wamekifunga kwenye uzio. Yule mtoto alianza kukohoa.

Nilikuwa nikiwapelekea chakula. Siku moja Mama Mapasa alinishika mkono akasema, "Mama, usikuye tena muchana. Vijana banakuona."

"Banione," nikasema, lakini sauti yangu haikuwa na nguvu, na yeye alisikia hivyo.

"Weye uko na batoto, Mama. Uniachie sahani, uende."

Mtoto alikuwa mgongoni mwake, amelowa. Alipokohoa mwili wake wote ulikunjika, halafu ulichelewa kunyooka. Pale stesheni watoto walikuwa wakizikwa. Nilimwachia sahani. Niliporudi nilimwambia mume wangu kwamba yule mtoto akikaa chini ya plastiki ile hatafika mwisho wa mvua.

Nani alitaja kibanda kwanza, hatukubaliani hadi leo. Mimi nakumbuka ni mimi. Yeye anasema alikuwa amekiwaza tangu asubuhi. Labda tulikitaja pamoja. Ninachokumbuka bila shaka ni alivyoketi na kutazama viganja vyake.

"Tukifungua manowari fasi moja," alisema, "bantu batamaliza yote. Leo hakuna mutu anaanza, juu hakuna mutu alianza. Minye nikianza, njo kwisha."

"Na mutoto?"

"Nimesikia mutoto."

Halafu akauliza kama nina nguvu ya kushikilia chuma kwa ndani.

Tulichagua Jumapili asubuhi, watu wakiwa kwenye vikundi vya maombi. Kulikuwa na nyimbo kila upande, lakini nyundo ya chuma haifichwi na wimbo. Mlinzi alitoka kwenye kibanda akatoa kiti chake, akakiweka chini ya mti na kuketi tena. Mimi niliingia mahali pake. Mume wangu alibaki nje na patasi. Alikata vichwa vya rive kimoja kimoja, na mimi nilikuwa nimekaza chuma kwa upande wangu ili bamba lisirudi nyuma na kupasuka. Aligonga mara moja. Sikujua nifanye nini. Akangoja, akagonga tena, ndipo nikakumbuka, nikajibu mara mbili. Mikono yangu iliuma hadi mabegani. Nilifikiria kwamba mwenzake alikuwa amekaa humu humu siku nyingi, gizani, anajibu.

Rive zilikuwa zimebaki chache nilipomsikia mtu. Nilimwona kwenye dirisha. Alikuwa kijana wa jirani yetu, mtu mzima tayari, mmoja wa wale waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kufukuza watu. Simchafui, alikuwa akijivunia mwenyewe.

"Papa," akasema, "unavunja manowari ya bantu bote siku ya Mungu?"

Mume wangu hakusimamisha nyundo mara moja. Alimaliza rive aliyokuwa nayo. "Sivunji manowari. Ninatosha kosa."

"Kosa gani?"

"Manowari haina kibanda cha tikiti. Kibanda ni ya musée, ya makumbusho. Tulikosea tangu mwanzo. Uliza muzee pale."

Mlinzi akasema kutoka chini ya mti, "Ni kweli. Muzungu alicheka mpaka alitaka kuanguka."

Kijana alitazama ngazi, akatazama dirisha, akaniona mimi ndani, akaanza kucheka. "Yaani miaka yote hii munatuonyesha meli ya bongo, munatudanganya? Na minye nililipa tikiti?"

"Ulilipa," mlinzi akasema. "Na ulikojoa mule ndani, ulikuwa mudogo."

Walicheka wote watatu, hata mume wangu. Nilidhani yamekwisha. Kisha kijana akaona pusupusu, lile gari la kusukuma la magurudumu mawili tuliloazima, na kicheko kikamtoka usoni.

"Na inaenda wapi, hii kosa?"

Mume wangu angeweza kusema inaenda nyumbani. Yangekuwa maneno rahisi na hakuna ambaye angemwuliza zaidi siku hiyo. Nilimwombea aseme hivyo. Alisema, "Ku gare," yaani stesheni.

"Kwa yule mwenzako."

"Kwa yule mwenzangu. Mutoto wake anakohoa."

Kijana alisimama pale wakati wote tulipokuwa tunamaliza, mikono mifukoni, na sisi hatukujua kama anangoja wenzake. Kibanda kilipoachana na ubavu wa manowari kilitoa mlio kama wa kitu kinachozibuka. Pakabaki mraba mweusi usio na kutu. Tulikitelezesha kwenye ngazi hadi juu ya pusupusu kikiwa kizima, tukaanza kusukuma. Kwenye mfereji wa barabarani gurudumu moja lilizama. Tulisukuma, hatukuweza. Kijana akaja, akaweka bega, gurudumu likatoka.

"Minye sikukuona, Papa," akasema. "Na weye hukuniona."

Nimeliwaza sana bega lile. Kuna siku nasema alikuwa na huruma. Kuna siku nakumbuka kwamba aliyefika wa kwanza kesho yake na patasi alikuwa mama yake, na nasema labda alitaka tu tufungue mlango. Sina haki ya kuchagua moja.

Stesheni, mwenzake alituona kwa mbali. Hakukimbia kutulaki. Alisimama kati ya reli akitazama kibanda chake kinakuja juu ya magurudumu, na watu wakipisha. Tulipokishusha alikizunguka, akigonga kila mstari wa rive kwa kifundo cha kidole.

"Mwisho umepata njia ya kukitosha," akamwambia mume wangu.

Mume wangu hakucheka. "Kilikuwa cha kwako tangu zamani," akasema. "Weye njo ulikataza tukitoshe."

Sijui kama mwenzake aliudhika. Mtu anapoletewa kile rafiki yake alichokuwa akitaka kukitupa, anaweza kuona ameletewa takataka. Mume wangu aliwaza hivyo pia, aliniambia njiani. Alisema hata yeye hajui: kama kibanda kingekuwa ni ile sehemu ya meli anayoipenda, ile ya mbele aliyoikunja mwenyewe, angekata? Nilimwambia angekata. Alisema, "Unasema vile juu uko bibi yangu."

Ndani waliingia Mama Mapasa na watoto watatu, wakilala wamejikunja. Mwenzake alilala nje, chini ya plastiki. Siku niliyorudi na chakula, nikakuta dirisha limefungwa. Niligonga. Likafunguka kidogo, likatokea jicho la Mama Mapasa.

"Tikiti, Mama," akasema.

Nikapitisha sahani. Nilicheka, kisha nikaona ndani yule mtoto amelala juu ya nguo kavu, anapumua bila kukunjika. Hakupona siku moja. Kuna mama muuguzi, naye akingoja treni, aliyemtazama na kumpa dawa, na sitasema kibanda ndicho kilichomponya. Nasema tu alikuwa mahali pakavu. Wengine hawakuwa.

Upande wetu, mambo yalikwenda kama mume wangu alivyosema. Ngazi iliondoka kwanza. Halafu mabamba ya ubavuni, kuanzia kwenye ule mraba tuliouacha. Walikuja na patasi, na misumeno, mwishoni hata na mawe. Sokoni zilionekana mbabula nzito zenye vichwa vya rive. Watu walimpitia mume wangu kumwuliza namna nzuri ya kukata, na wengine walisema bila aibu, "Si weye ulianza, Papa?" Hakubisha. Mlinzi alihamisha kiti chake mara moja, mara mbili, kisha akakaa kwake. Ukuta wa nyumba yetu uliandikwa neno ambalo sitaliandika, tukalifuta, likaandikwa tena. Watoto wangu walirudi kutoka shuleni wanyamavu. Siku zile nilimkasirikia mume wangu, nilimkasirikia Mama Mapasa, nilikasirikia hata yule mtoto, na nilikuwa nikiendelea kupika sahani ya ziada. Vyote viwili ni kweli.

Treni ilikuja asubuhi moja bila mtu kutangaza. Tulisikia kelele hadi kambini, tukaenda. Walikuwa wamepandishwa kwenye mabehewa ya kubebea madini, ya chuma, yasiyo na paa, watu juu ya mizigo na mizigo juu ya watu. Tulitafuta, tukaita, hatukuwaona. Mume wangu akaanza kupita kando ya mabehewa, anagonga kila moja mara moja kwa ufunguo wa nyumba, anangoja, anapita. Watu waliokuwa juu walimtazama kama mgonjwa. Kwenye behewa moja, karibu na mwisho, kitu kiligonga kwa ndani mara mbili.

Hawakuonana. Ukuta wa behewa ulikuwa mrefu na mwenzake alikuwa chini kabisa, na watoto. Mume wangu aliweka kiganja kwenye chuma hadi treni ilipoanza kujivuta, akatembea nayo, akaachwa. Kama walifika, na wapi, hatukupata habari. Niliwahi kuambiwa na mtu mmoja kwamba aliwaona Mwene-Ditu, kule Kasai, wakiwa wazima wote. Mwingine aliyesafiri treni ile ile alisema hakuwaona. Naandika maneno ya wote wawili.

Kesho yake nilipika kwa mazoea. Sahani ya ziada ilikuwa imejaa kabla sijakumbuka. Nikaibeba hivyo hivyo hadi stesheni, maana bukari ikipoa haina maana, na sikutaka kuila. Treni haikuchukua wote. Kibanda kilikuwa pale pale kati ya reli, dirisha limefungwa, na mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Kamatanda.

Niligonga. Dirisha lilifunguka, na alikuwa mwanamke nisiyemjua, kijana, na nyuma yake mwanamume mzee aliyelala.

"Weye ni nani?" akauliza.

"Bwana yangu njo alifanya hii kibanda."

Alishika dirisha kwa mikono yote miwili. "Munakuya kukichukua?"

"Hapana," nikasema. Nikapitisha sahani. Aliitazama muda kabla ya kuipokea, na mvua ilianza juu ya lile bamba, kubwa, hata hatukuweza kusikilizana tena. Nilikimbia.

Nyumbani mume wangu alikuwa ameketi mlangoni. Kutoka pale zamani tulikuwa tukiiona dohani ya manowari juu ya paa la serkle. Alinipa kitambaa nijifute.

"Kuko bantu ndani?" akauliza.

"Beko."

Alisikiliza mvua. Halafu akauliza, "Inavuja?"

Nilikumbuka uso wa yule mwanamke, shingo yake, nguo za yule mzee, vyote vikavu.

"Haivuji," nikasema.